Maji yanasimama juu ya nyasi zangu Kitengela: je, nitoboe udongo?

Swali: Tulihamia ploti yetu ya hamsini kwa mia hapa Kitengela miaka kadhaa iliyopita. Ardhi ya huku ni ule udongo mweusi, kwa hiyo tulinunua malori ya udongo mwekundu, tukautandaza juu yake na kupanda nyasi za Kikuyu. Mwanzoni zilipendeza sana. Siku hizi mvua ikinyesha maji yanasimama hata siku mbili, na kiangazi ardhi inakuwa ngumu, nyasi zinageuka njano, hasa pale watoto wanapochezea mpira na pale tunapogeuzia gari. Jirani ananishauri ninunue viatu vya misumari vya kutoboa udongo. Kijana anayetutunzia bustani anasema nimwage lori la mchanga yaishe. Nimsikilize nani? Na kama ni kutoboa, natoboa vipi, na mara ngapi?

Jibu: Dada, jirani na kijana wako wameuona ugonjwa vizuri, lakini dawa zao zote mbili siziafiki. Kuna sehemu za ua wako ambazo karibu nina hakika zinahitaji kutobolewa. Kuna nyingine ambazo utatoboa mpaka mikono iote malengelenge na maji yataendelea kusimama palepale, kwa sababu chanzo chake kiko chini zaidi au kiko juu ya paa. Basi kabla hujanunua chochote, chimba uone.

Chukua sepetu uende sehemu tatu: pale gari linapogeuzia, pale maji yanaposimama, na kando ya ukuta ambako hakuna anayekanyaga. Kila mahali kata kipande upana wa sepetu, kina cha sentimita 25 hadi 30, ukinyanyue kizima na kukilaza ubavu. Usizionee huruma hizo nyasi za Kikuyu. Zina mashina yanayotambaa juu ya ardhi na mengine chini yake. Ukikirudisha kipande mahali pake, ukakikanyaga kidogo na kukimwagilia, baada ya wiki chache hutajua ulichimba wapi.

Tazama mizizi kwanza. Kile kipande cha kando ya ukuta ndicho kipimo chako, kwani kinakuonyesha udongo wako ulivyokuwa kabla haujakanyagwa. Mizizi yake ikiwa imeshuka mpaka chini kabisa, na ile ya pale pa gari ikakomea sentimita 4 au 5 na kuanza kutambaa kwa ubavu, una udongo ulioshindiliwa na kutoboa kutakusaidia. Halafu tafuta mpaka wa rangi, pale wekundu unapoishia na weusi unapoanzia. Kama udongo mwekundu ulio juu tu ya mpaka huo umelowa chepechepe wakati juu umekauka, au ukinusa unapata harufu ya kuoza, tatizo lako la maji ni la matabaka. Hilo nitalirudia hapa chini kwa sababu ndilo linalowasumbua wengi wanaoishi Kitengela, Athi River na Syokimau, na ndilo wauzaji wa vifaa vya bustani wasilolitaja.

Ukitaka kipimo cha haraka zaidi, mwagilia leo jioni, kesho uchukue bisibisi ndefu na kuisukuma ardhini kwa mkono katika sehemu hizo tatu. Panapoingia hadi kwenye mpini, pasahau. Panapogoma sentimita chache tu kutoka juu, weka kijiti cha alama. Wengi hushangaa kuona kwamba vijiti vyote vimesimama kwenye njia moja: kutoka lango hadi mlango wa jikoni, au chini ya kamba za nguo.

Sasa kuhusu kushindiliwa kwenyewe. Udongo ulio katika hali nzuri, karibu nusu ya ujazo wake ni nafasi tupu; sehemu ya nafasi hizo hushika maji na sehemu hushika hewa. Mizizi hupumua, inavuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa, na hewa hizo hupishana kupitia zile nafasi kubwa kubwa. Mguu, au tairi, huanza kuziua nafasi kubwa. Zinazobaki ni zile nyembamba ambazo hushika maji na kuyang'ang'ania, na oksijeni hupenya ndani ya maji polepole mno, yapata mara 10,000 chini ya mwendo wake hewani. Ndiyo maana ua mmoja unaweza kuwa na dhiki mbili zinazoonekana kupingana, mafuriko Aprili na ukame Februari: mizizi iliyokosa hewa wakati wa mvua haikushuka chini, na kiangazi haina pa kunywea.

Uzito peke yake si neno sana. Ubaya ni uzito juu ya udongo uliolowa. Watoto wakicheza mpira mwezi wa Agosti juu ya ardhi kavu hawaharibu kama wanavyoharibu kwa nusu saa tu baada ya mvua ya Aprili. Madhara ya miguu kwa kawaida hukaa katika sentimita 5 hadi 10 za juu, na huko ndiko kutoboa kunakofika. Gari hushuka chini zaidi ya hapo. Pale pa kugeuzia gari, kwa maoni yangu, acha kabisa kupigania nyasi: tandika kabro mistari miwili ya magurudumu, au zile kabro zenye matundu zinazoruhusu nyasi kuota katikati. Kutoboa mahali ambapo gari litapita tena jioni ileile ni kazi bure.

Turudi kwenye matabaka. Mlipomwaga udongo mwekundu juu ya mweusi, mliweka udongo unaopitisha maji vizuri juu ya udongo ambao, ukishalowa na kuvimba, hupitisha chini ya milimita 5 kwa saa. Mvua inapenya wekundu bila shida, inafika mpakani, inakwama, kisha inaanza kujaa kurudi juu. Unapoona dimbwi, udongo mwekundu wote umeshajaa. Hapo hakuna tundu la sentimita 8 litakalobadilisha kitu, maana maji hayajakosa njia ya kuingia, yamekosa njia ya kutoka. Wapo wanaochukua mtaimbo na kutoboa mpaka ndani ya udongo mweusi wakidhani wamepata njia ya mkato. Shimo hilo linajaa maji na kukaa nayo, kwa sababu pande zake na chini yake ni udongo uleule.

Maji ya namna hiyo huondolewa kwa mteremko. Ua unatakiwa ushuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na nyumba. Funga uzi kwenye vigingi viwili, weka pimamaji ya fundi mwashi, upime. Mara nyingi utakuta udongo mwekundu umetitia katikati na kufanya bakuli. Bakuli dogo unaweza kulijaza taratibu kwa udongo mwekundu uliochekechwa, tabaka la sentimita moja kila mara, ukiacha nyasi zipenye ndipo uongeze jingine. Bakuli kubwa linataka mfereji wa kokoto upande wa chini, wenye mahali halisi pa kumwaga maji, lakini si kwa jirani.

Na tafadhali angalia paa. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita 100 za mraba ni lita 2,000. Kama bomba la paa linamwaga yote hayo kwenye kona moja ya nyasi, umeshapata jibu la nusu ya barua yako, na katika mji ambao maji hununuliwa kwa bowza, tangi chini ya bomba hilo litakulipa haraka kuliko kifaa chochote cha bustani.

Ukishatenga sehemu zenye maji ya matabaka na zile za gari, zitabaki zile zilizokanyagwa tu: uwanja wa mpira wa watoto, njia ya jikoni, mbele ya baraza. Hizo ndizo za kutoboa.

Viatu vya misumari sivipendi kwa sababu tatu ambazo ukizijua hutavitamani. Msumari hautoi udongo; unausukuma kando, kwa hiyo kuta za kitundu zinabanwa zaidi ya zilivyokuwa, na kwenye udongo wenye mfinyanzi mwingi zinapakwa laini mpaka maji yanateleza tu. Halafu uzito wako unagawanyika kwenye misumari yote kwa pamoja, hivyo pale pagumu, yaani pale panapohitaji, haiingii. Na ikiingia, hutoki: ni rahisi kuteguka kifundo cha mguu ukijaribu kupiga hatua.

Uma wa bustani ni afadhali mara nyingi. Nasema ule wa mpini ulionyooka wenye meno manne, si jembe la meno, ambalo limeundwa kwa kulima. Uzamishe sentimita 10, kisha uvute mpini nyuma kidogo, kiasi cha kuona nyasi zikiinuka na kupasuka nyufa nyembamba, halafu uutoe wima. Hatua moja nyuma, unarudia. Kule kuvuta ndiko kunakofanya kazi. Kuchoma na kuchomoa tu kunakurudisha kwenye habari za misumari.

Kilicho bora kuliko vyote ni mrija mtupu unaong'oa kipande cha udongo na kukiacha nje. Mashine zake zipo, na viwanja vya gofu Nairobi wanazitumia, lakini kwa ua wa nyumbani fundi wa jua kali anakutengenezea cha mkono kwa mabaki ya bomba. Mpe maelekezo haya: vipande vitatu vya bomba la chuma la nusu inchi, urefu wa sentimita 15, vichomelewe kwenye pau moja kwa nafasi ya sentimita 10, na juu ya pau kuwe na mpini wa urefu wa kiuno na mahali pa kukanyagia. Kila bomba lichongwe makali mdomoni kwa grainda upande wa nje, na likatwe dirisha refu ubavuni ili udongo utokee hapo. Mwambie aukunje mdomo ndani kidogo sana, uwe mwembamba kuliko bomba lenyewe. Bila hivyo udongo unakwama na utashinda ukiuchokoa na msumari. Hilo ndilo jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza, na ndilo linalotofautisha kifaa kinachofanya kazi na kile kinachotupwa stoo.

Nikuambie ukweli kuhusu kazi yenyewe. Ukitoboa kila baada ya sentimita 10 pande zote, ni matundu 100 kwa mita moja ya mraba. Uwanja wa mita 100 za mraba ni matundu 10,000, yaani kwa kifaa cha mabomba matatu, kukanyaga zaidi ya mara 3,300. Kijana mwenye nguvu akikanyaga mara kumi kwa dakika bila kupumzika, ni saa tano na nusu. Na baada ya jasho lote hilo, kwa tundu lenye upana wa milimita 16, umegusa asilimia 2 tu ya uso wa ardhi. Sikuambii haya kukukatisha tamaa. Nakuambia ili usitoboe ploti nzima. Toboa pale bisibisi ilipogoma, pitisha mara mbili kwa njia zinazokatana, mengine yaache.

Kabla ya kuanza, weka alama mahali mabomba ya maji, waya za taa za lango na tangi la maji taka vilipo. Mabomba ya plastiki ya bustani mafundi wetu huyafukia juu juu sana.

Wakati ni wa muhimu kuliko kifaa. Toboa nyasi zikiwa katika kukua, ili zizibe majeraha na kupeleka mizizi ndani ya matundu. Kwako ni mwishoni mwa Machi na Aprili mvua ndefu zikishaanza, au mwanzoni mwa Novemba kwenye mvua fupi. Februari ardhi ni kavu na mizizi iliyofunuliwa itaungua. Julai baridi imezitia nyasi za Kikuyu usingizi. Lakini hata ndani ya miezi hiyo, usiingie siku ya mvua. Finyanga udongo kidogo mkononi uusokote. Ukiwa uzi mwembamba kama penseli bila kukatika, subiri siku moja au mbili zaidi. Ukimeguka meguka, endelea. Kutoboa udongo ulioloa sana ni kuushindilia upya kwa miguu yako mwenyewe huku ukilipa kibarua.

Tazama pia tabaka la mabua makavu lililo kati ya majani mabichi na udongo. Nyasi za Kikuyu ni hodari wa kulijenga, na ukikanyaga nyasi zako ukahisi kama unatembea juu ya godoro, limeshazidi. Likipita sentimita 2, maji na mbolea vinaishia humo. Nyoa nyasi ziwe fupi sana mwanzoni mwa mvua, zikwangue kwa reki ya chuma pande mbili, uzoe takataka yote, ndipo utoboe. Ua utaonekana wa kusikitisha kwa wiki mbili tatu. Waambie wageni wasije.

Vile vipande vya udongo vilivyong'olewa viache juu vikauke siku mbili, kisha uvisage kwa mgongo wa reki. Vina vijidudu vinavyosaidia kuozesha yale mabua. Baada ya hapo tandaza mboji iliyooza vizuri na kuchekechwa, unene wa nusu sentimita hivi, na kuifagilia matunduni kwa ufagio mgumu. Kwa mita 100 za mraba ni nusu mita ya ujazo, toroli nane au tisa za lita 60. Samadi ya ng'ombe inafaa ikiwa imekaa miezi na haina harufu. Samadi mbichi itakuletea magugu ya zizi zima. Kama nyasi ni njano, ongeza kilo 2 za mbolea ya CAN kwa eneo hilohilo, uimwage majani yakiwa makavu kisha umwagilie papo hapo.

Hapo ndipo mchanga unapoingia, na ndipo ninapotofautiana na kijana wako. Lori moja la mchanga likimwagwa juu litatengeneza tabaka la tatu, na wewe umeshateseka na mawili. Ukiuchanganya na udongo wa mfinyanzi kwa kiasi kidogo, mfinyanzi unajaza nafasi kati ya chembe za mchanga na mchanganyiko unakuwa mgumu kuliko awali. Ili mchanga ubadilishe tabia ya udongo huo inabidi uwe sehemu kubwa ya mchanganyiko wote, gharama ambayo viwanja vya michezo huibeba lakini ua wa nyumbani hauna haja nayo. Fedha za lori hilo nunulia mboji. Mboji inalisha nyungunyungu, na nyungunyungu wanatoboa mchana na usiku bila kudai posho. Kwa sababu hiyo pia, punguza kupulizia dawa za wadudu ovyo kila unapoona kichuguu kidogo cha nyungunyungu juu ya nyasi. Ni dalili njema.

Jambo moja hukulitaja: unamwagilia maji gani? Visima vingi vya upande huo vina maji ya chumvi. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi ikiwa nyingi huvunja mabonge madogo ya mfinyanzi, na chembe zake huziba udongo kuanzia juu, ukawa na ganda gumu ambalo dalili zake zinafanana kabisa na za kukanyagwa, ila lipo hata kando ya ukuta ambako hakuna apitaye. Kama bisibisi imegoma kila mahali na unatumia kisima, peleka sampuli ya udongo na ya maji kwenye maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, Kabete, kabla ya kutoboa. Wakithibitisha ni sodiamu, dawa ni jasi (gypsum) pamoja na maji ya mvua ya kuiosha ishuke. Kwa udongo usio na sodiamu jasi haikufanyii lolote, kwa hiyo usiinunue kwa kubahatisha.

Mara ngapi? Mwaka wa kwanza fanya mara mbili, Aprili na Novemba, katika zile sehemu za vijiti pekee. Kuanzia hapo, mara moja kwa mwaka kwenye uwanja wa mpira, na kwingine usiguse mpaka bisibisi igome tena. Nyasi zikate zibaki na sentimita 4 au 5, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja, kwani mizizi hufupika pale majani yanaponyolewa mno. Hamisheni goli la watoto kutoka upande mmoja kwenda mwingine kila muhula wa shule, na mvua ikikatika, mpira usubiri mpaka kesho yake.